Operesheni Maliza Friza

Waliosema akiba haiozi hawakuwahi kukatikiwa umeme wakiwa na friza limejaa utumbo. Mimi nilikatikiwa, tena mara nyingi, na kila mara nililifunika friza langu kwa mablanketi ya watoto, watoto wenyewe wakalala wakitetemeka. Usinilaumu. Watoto hawaharibiki kwa baridi ya usiku mmoja, lakini maini yanaharibika kwa joto la mchana mmoja.

Nililinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anafungasha kurudi kwao, miaka ya sabini, nikifundisha sayansi kimu katika shule moja mjini Iringa. Jirani yangu, mama wa Kihehe mwenye mikono mikubwa na ulimi usio na breki, alikuja kulitazama likishushwa.

"Kamwene, mwalimu. Hilo lisanduku la nini?"

"La kuweka vitu kwenye baridi."

Akashika kiuno. "Umenunua baridi? Hapa Iringa? Si ungefungua tu dirisha mwezi wa saba, mama!"

Mtaa mzima ulicheka wiki nzima. Niliwaacha wacheke. Mume wangu alikuwa bwana mifugo, na mwenye ng'ombe aliyepona hatoi shukrani kwa maneno matupu. Kila alikokwenda kuchanja alirudi na paja, kichwa, makongoro au utumbo uliofungwa kwenye gunia. Vyote niliviingiza mle ndani. Kilichoingia kilikaa. Nilikuwa naongeza juu, tunakula cha juu, na cha chini kilibaki huko kikigeuka jiwe.

Kisha ikaja barua ya uhamisho kwenda Mbeya. Mume wangu aliisoma, akalitazama friza, akatoa hukumu.

"Mama Watoto, lori la ofisi linakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Sisafiri na damu ya mbuzi ikidondokea magodoro hadi Mbeya. Likiwa tupu tunalibeba. Likiwa na hata kongoro moja linabaki hapa, mkuu wangu wa kazi analitaka."

Nilijua hatanii, maana alikuwa ameshalipima kwa kamba ili mkuu wake ajue kama litapita mlangoni kwake. Friza lile ndilo kitu cha kwanza maishani nilichonunua mimi mwenyewe, na nilikuwa tayari kuachana na kabati, vitanda na hata mkuu wa kaya kabla ya kuachana nalo. Kutupa chakula nacho nisingeweza. Basi tutakula.

Zilikuwa enzi za operesheni, kila jambo lilikuwa operesheni, nami nikatangaza yangu: Operesheni Maliza Friza. Niliandika ratiba ya mlo kwa wino mwekundu nikaibandika mlangoni pa jiko. Asubuhi supu ya makongoro. Mchana maini. Jioni utumbo kwa ugali, na asiyeshiba aongezewe kichwa. Wanangu wawili niliwapanga mstari, tukaimba wimbo wa hamasa nilioutunga mwenyewe, wakapiga makofi. Siku ya kwanza walikula kama askari. Siku ya pili walikula kama wafungwa. Siku ya tatu mkubwa aliniuliza kwa adabu zote, "Mama, kuna kosa tulifanya?"

Mume wangu naye alianza kuchelewa kutoka ofisini, yeye ambaye saa tisa na nusu ikigonga alikuwa tayari kavua viatu. Wa kusikitisha zaidi nilikuwa mimi, kamanda. Saa ya mapumziko nilijifungia stoo ya shule nikala maandazi makavu, nikayaona matamu kuliko nyama zote za duniani. Na friza lilikuwa bado limejaa zaidi ya nusu.

Hapo ndipo nikaamua kugawa. Nilipakia mabakuli, watoto wakayasambaza nyumba hadi nyumba, nikalala kwa raha. Kesho yake mabakuli yakaanza kurudi.

Mimi mtu mzima, mwalimu, mzaliwa wa nyanda hizi hizi, nilisahau kwamba kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Bakuli la utumbo lilirudi na mahindi mabichi. La maini likarudi na kisamvu kilichoungwa kwa karanga. Mama wa Kihehe, ambaye hakubali kushindwa na mtu, alichukua kichwa cha mbuzi akarudisha jogoo mzima, amenyonyolewa, amekatwakatwa. "Uweke kwenye baridi yako, mwalimu," alisema kwa fahari. Nikaona labda kosa ni mabakuli, nikafunga nyama kwenye magazeti. Nani arudishe gazeti? Wakaja na vikapu. Kufikia Alhamisi friza lilikuwa zito kuliko siku niliyoanza, na mume wangu alipofungua kifuniko alikifunga taratibu kama mtu anayemfunika marehemu.

Ijumaa nilipika vyote. Vyote! Niliazima masufuria ya shule, nikawasha meko matatu uani, nikatangaza kwamba mtaa mzima uje kutuaga, na kwamba kinacholiwa kinaliwa hapa hapa kwenye masinia. Kisha nikasimama langoni kukagua wageni.

"Umebeba nini kwenye khanga? Maboga? Rudisha nyumbani! Na wewe baba, hiyo ndoo? Uyoga? Mwenye uyoga haingii!"

Mama wa Kihehe alifika na sufuria kichwani. Nikamzuia. Akaishusha polepole. Macho yalimjaa machozi.

"Mwalimu, chakula changu kimekukosea nini?"

Niliona haya. Nikamvuta pembeni, nikamwambia ukweli ambao hata mume wangu sikuwa nimempa sawasawa. Kwamba nilipokuwa mdogo kulikuwa na mwaka ambao mama alitulaza kabla jua halijazama, ili tusimwulize chakula. Kwamba nikilala na kusikia friza likinguruma jikoni, najua kesho ipo. Na kwamba likibaki na kitu leo, kesho linabebwa na mtu mwingine.

Alinisikiliza hadi mwisho. Akajifuta uso kwa khanga, akageukia uani, akapaza sauti iliyosikika hadi stendi.

"Nyie! Mnakula kama mnaonja! Hakuna kunyanyuka hapa mpaka nione sinia linang'aa! Shemeji, ongeza kongoro!"

Alizunguka na upawa akimpakulia kila aliyethubutu kusema ameshiba. Mzee mmoja alijaribu kutoroka kwa kisingizio cha kuwahi ibada, akamrudisha kwa ukosi wa koti. Yeye mwenyewe alikula sufuria yake akiwa amesimama, maana nilimruhusu kuingia nayo kwa sharti kwamba aimalize mwenyewe. Jua lilipoegemea milimani, friza lilikuwa tupu. Mtaa mzima ulikuwa umelala chali kwenye majani ukiguna.

Jumamosi lilipanda lori. Tulipita Nyololo, tukashuka Chimala, tukapanda tena hadi Iyunga, nami njia nzima nilikaa nyuma na mkono juu ya kifuniko, nikiringa kama bibi harusi.

Mbeya tulikula kwa raha. Mboga za siku ile ile, dagaa, maharage, hakuna ratiba. Wanangu walinenepa kwa furaha. Lakini friza lilikaa sebuleni likinguruma bila kitu, na kila nilipopita nililifungua, nikatazama ule weupe wa chini, nikafunga. Sikujua kama kuna aliyeniona. Fedheha ilinizuia kusema, baada ya kelele zote zile.

Jioni moja mume wangu alirudi kutoka kwa wafugaji wa bonde la Usangu, vumbi hadi kwenye nyusi, na gunia begani. Alikwenda moja kwa moja sebuleni, akafungua friza, akalaza mle ndani paja la mbuzi, la pili, kisha makongoro, moja moja, akiyapanga vizuri kama anavyopanga chupa zake za chanjo. Akafunika, akapangusa mikono kwenye suruali ya ofisini.

"Haya," alisema. "Sasa lala usingizi."

Nililia mbele yake na mbele ya watoto, bila aibu yoyote, kisha nikamfokea kwa kuichafua suruali.