Kitambaa Kwenye Bomba la Kupumulia

Kaka yangu walimwita Kifuniko, na jina hilo alilipata kwa haki. Ukimletea injini ya boti inayovuja oili, hakukimbilia spana. Aliiwasha, akafungua kifuniko cha kujazia oili, akakigeuza na kukilaza juu ya tundu lake bila kukikaza, kisha akasimama kukitazama. Kikitulia, aliendelea na mambo mengine. Kikicheza, aliguna. Kikiruka na kuanguka, alizima injini na kumwambia mwenye boti atafute usafiri mwingine.

"Mnabadilisha sili kila mwezi," aliwaambia mafundi wenzake. "Sili ni mpira wa kuzuia oili tu, ina kosa gani? Ringi za pistoni zimekwisha, moshi wa silinda unashuka tumboni mwa injini, unasukuma oili itoke popote penye upenyo. Tafuteni kwanza pumzi inatoka wapi."

Mimi nilikuwa stoo ya vipuri, dirisha langu likitazama karakana, kwa hiyo maneno hayo niliyasikia miaka kumi na tisa mpaka nikayachoka. Ni yeye aliyemfundisha mume wangu kazi, na ni yeye aliyemleta nyumbani mara ya kwanza, nguo zikinuka dizeli, akaniambia, "Huyu ana mikono, dada. Mengine utamfundisha mwenyewe." Mume wangu akawa mtu wa injini kwenye boti ya abiria, na boti hiyo ikawa ya kaka kuitibu.

Injini ina bomba la kupumulia, la kutolea ule moshi wa tumboni. Kaka alipotaka kupima presha sawasawa aliliziba kwa kitambaa, ili pumzi yote ipande kwenye mpira wenye maji ya kupimia aliouchomeka penye kifuniko, maji yakipanda kadiri ya presha. Sheria yake ilikuwa moja. Kitambaa kinafungwa uzi mwekundu, ncha ya pili inafungwa kwenye ufunguo wa injini, na hakuna kumkabidhi mtu ufunguo wenye uzi. Fundi mmoja aliipuuza akafukuzwa siku hiyohiyo, na kuwa na watoto wanne hakukumwokoa. Vitambaa nilimchania mimi, kutoka pazia langu kuukuu la maua ya njano.

Asubuhi ile alipita dirishani kwangu mkono wa miwani yake umevunjika, ameufunga kwa kipande cha mwisho cha uzi wake mwekundu.

"Umependeza," nikamwambia. "Sasa injini zitakuona na wewe umeingia kwenye matengenezo."

Akacheka, nami nikacheka. Uzi mwingine ulikuwa tele mezani kwangu. Hakuomba, nami sikumpa.

Alishuka hadi kwenye boti ile ya abiria, akaziba bomba, akapima. Maji yalipanda mpirani kuliko alivyopata kuyaona. Akapanda juu kumwambia mwenye boti kwamba injini hiyo haifai kusafiri, na hapo, nasema haki yake, aligombana kwelikweli. Mwenye boti alisema safari moja tu, abiria wameshapanda, itafunguliwa ikirudi. Kaka akarudi chini amefura kwa hasira, akachomoa mpira, akakaza kifuniko, akampa mume wangu ufunguo. Ufunguo haukuwa na uzi. Kitambaa kilibaki ndani ya bomba.

Nusu ya njia, pumzi iliyokosa pa kutokea ilisukuma nje sili ya nyuma. Oili iliruka kwenye bomba la moshi lenye moto, ikawaka. Mume wangu aliingia humohumo akafunga dizeli kwa mikono yake, na abiria arobaini na mmoja walirudi makwao. Yeye akapelekwa hospitali amefungwa bandeji hadi mabegani.

Wakaguzi waliandika kwamba mtu wa injini hakuikagua kabla ya kuondoka. Mwenye boti akaitikia haraka. Kibaya zaidi, mume wangu naye aliamini. Siku ya Alhamisi, mimi nikiwa nimeshika bakuli la uji, alimwambia kaka, "Shemeji, nisamehe. Nimekuaibisha. Lazima kuna kitu sikukiangalia."

Kaka alitazama bandeji zile. Akasema, "Yamekwisha, shemeji."

Niliona ni uungwana. Hata nilimshukuru.

Ijumaa nilifua ovaroli za kaka, kama nilivyomfulia tangu mkewe afariki. Mfuko mmoja ulikuwa na kitambaa kilichoungua nusu, kigumu kwa oili, na pembeni maua ya njano. Yeye ndiye aliyetumwa kuivuta boti ile. Alifika kwenye injini kabla ya wakaguzi.

Nilikiweka mbele yake mezani. Hakukana. Aliketi, akalia, akasema, "Kesho nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nipe siku moja tu, mdogo wangu."

Damu ni nzito kuliko maji. Nikampa. Jioni ile nilikaa na mume wangu saa nzima, nikamlisha, nikamsikiliza akihesabu vitu ambavyo huenda alisahau kuvikagua, nikanyamaza. Hilo ni langu, simtwiki mtu.

Jumamosi tulipofika hospitali, muuguzi alikuwa anatandua shuka za kitanda chake.

Jumatatu kaka alikwenda kwa wakaguzi na kitambaa chake mkononi akasema yote, hata la mwenye boti. Hakujitetea kwa miwani wala kwa hasira. Alifungwa miaka miwili. Mimi nililetewa barua yenye muhuri, kwamba marehemu hakuwa na kosa lolote na kwamba aliokoa watu. Watu walinipa mkono. Niliisoma barua hiyo mara nyingi, na kila nikifikia jina lake nakumbuka kwamba yeye alikufa akiamini kosa ni lake.

Kaka alipotoka hakwenda karakana. Alikuja kwangu, amekonda, miwani ile ile, uzi wake umefifia kuwa wa waridi. Nilimwekea chakula, maana ni ndugu yangu na hana pengine pa kwenda. Hakukigusa.

"Nisamehe, dada," akasema.

Nilijaribu kutafuta neno lingine. Mungu ni shahidi, nilijaribu.

"Yamekwisha, kaka," nikamwambia.

Aliinua macho akanitazama, na niliona kwamba amelitambua neno lake mwenyewe. Kisha akavuta sahani, akaanza kula.