Chupa Isiyotakiwa Kulishwa

Kama kuna kitu kilichompandisha presha Mama Glavu, ni mikono ya watu. Alikuwa fundi wa maabara, mwaka wa kumi na tisa huo, na jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshasahaulika pale kazini. Umeshika kitasa na glavu hizo? Badilisha. Umejikuna pua? Badilisha. Unaongea na simu huku umevaa glavu? Hapo alikuwa haongei tena, alikuwa anahema.

Kazi yake ilikuwa kulisha seli. Si seli hivi hivi, bali seli shina, zile ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini: zaweza kuendelea kugawanyika na kujaa tele, au zikatulia na kugeuka misuli. Zilikaa kwenye visahani vya plastiki ndani ya kabati la joto, zimefunikwa na maji ya lishe ya rangi ya waridi, na zilitaka kubadilishiwa maji hayo kila siku, Jumapili ikiwemo. Mumewe, dereva mstaafu, hakuacha kumtania.

"Wa kuwazaa tumewalea wakaondoka," alikuwa akisema. "Hao wa kwenye visahani wanaondoka lini?"

Mama Glavu hakucheka. Seli hazijui sikukuu, na mumewe hajui seli.

Sasa huyo aliyemmaliza nguvu mwaka ule alikuwa mwanafunzi wa uzamivu aliyeitwa Mwalimu, kwa sababu alikuwa mwalimu kweli, wa sekondari, hadi alipoamua akiwa na miaka arobaini na sita kurudi darasani. Mtu mzima na ndevu zake, mpole, mwenye akili, na mikono isiyotulia. Mara aguse ndevu, mara arekebishe miwani. Mama Glavu akimwona tu, roho inamruka.

Na kazi aliyoleta Mwalimu haikutaka mchezo. Ndani ya seli, jeni hutuma ujumbe kuagiza protini itengenezwe. RNA ndogo ni kijipande kifupi mno kinachoudaka ujumbe huo na kuunyamazisha. Mwalimu alitaka kuonyesha kwamba kijipande kimoja cha aina hiyo kikiingizwa kwenye seli shina, agizo la kugawanyika huzimwa, na seli zikaanza kuwa misuli. Ila RNA ni kitu dhaifu. Ngozi ya vidole vyetu ina vimeng'enya vya kuikatakata, ukiigusa umeiua. Ndiyo maana ya glavu, na ndiyo maana ya kelele zote zile.

Jaribio la kwanza lilikubali. La pili likakubali. Profesa, mkuu wa maabara, haamini kitu mpaka kijirudie mara tatu. La tatu likagoma. Seli zilizopewa RNA ndogo ziligawanyika kana kwamba hakuna aliyeziambia lolote, zikajaza kisahani mpaka ukingoni.

"Jumatatu tukutane," Profesa alisema. "Kama hakuna maelezo ya maana, mradi naufunga. Mwalimu, itabidi urudi shuleni kwako."

Shule ambayo alikwishaagana nayo, tena kwa hotuba.

Mama Glavu hakuhitaji kusubiri Jumatatu. Wiki nzima alimwandama. Alimsema mbele ya mafundi wenzake, akamsema kwenye ngazi, akamsema hata nyumbani, mbele ya mumewe ambaye hakuwa na habari.

"Mikono yake ile! Miezi minane ya kazi, imekwenda na maji!"

"Una hakika ni yeye?" mumewe aliuliza.

"Sasa awe nani? Mimi?"

Mumewe akaongeza sauti ya redio, maana ameoa siku nyingi.

Ijumaa aliamua kukusanya ushahidi. Kwenye mlango wa friza palibandikwa karatasi ambayo yeye mwenyewe aliianzisha, na ole wako usiijaze: kila anayetoa kitu aandike tarehe, kitu gani, na cha nini. Akaipitia kwa kidole mpaka siku ya jaribio la tatu, akitegemea kukuta Mwalimu ametoa RNA yake asubuhi ikakaa nje ikaharibika. Mwalimu alikuwa ameandika vizuri, saa na dakika. Ametoa, ametumia, amerudisha.

Mstari wa juu yake ulikuwa na mwandiko mwingine. "Seramu, mrija mmoja. Nimelisha chupa ya rafu ya pili."

Mwandiko wa Mama Glavu mwenyewe.

Alikaa kwenye stuli. Seramu, kimiminika kinachotokana na damu ya ndama, ndicho chakula chenyewe cha seli, na kila chupa mpya ya maji yeye huitia seramu kisha huiwekea alama ya vema. Isipokuwa moja. RNA ndogo hufunikwa kwanza kwa mafuta maalumu ili ipenye ndani ya seli, na kazi hiyo hufanyika kwenye maji matupu, yaani ya lishe yasiyotiwa seramu. Ukitia seramu, mafuta hayaifuniki vizuri, na vimeng'enya vya seramu vinaitafuna. Chupa ya maji matupu huvishwa utepe mwekundu, na mwenye kuuvisha ni yeye. Siku ile, chupa ya Mwalimu iliyokuwa rafu ya pili hakuivisha. Alikuwa anagombana na mtu juu ya kitasa. Baadaye akaona chupa haina vema, na mikono yake, ile isiyokosea, ikafanya ilichofanya miaka kumi na tisa. Ikailisha.

Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Akajikasirikia kuliko alivyowahi kumkasirikia mtu yeyote mle ndani.

Jumatatu hakungoja Profesa aketi.

"Ni mimi," alisema, akaweka karatasi ya friza mezani. "Chupa ya Mwalimu niliitia seramu. Mwalimu hana kosa."

Profesa aliisoma mara mbili. Akavua miwani.

"Basi jaribio linarudiwa," akasema. "Wiki tatu. Mradi haufungwi." Akatoka, ana kikao kingine.

Walibaki wawili. Mama Glavu alitegemea kufokewa, na kwa kweli angependa afokewe.

"Nilijua," Mwalimu alisema taratibu. "Maji yalitoa povu nilipochanganya. Maji matupu hayatoi povu hivyo. Lakini nilikuwa nimeshamimina yote, sikubaki na cha kumwonyesha Profesa."

"Sasa mbona hukuniambia, baba? Wiki nzima nakutukana!"

"Nilikuja siku ile ile, mama. Nikafika mlangoni nikakukuta unawaambia wenzako kwamba mtu wa umri wangu hafundishiki." Alikusanya madaftari yake. "Nikaona hata nikisema, utaangalia mikono yangu tu. Nikarudi."