Lita Kumi na Tano za Mate

Siku niliyokwenda kujitambulisha kwa kina Rehema, kule Mbagala, naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na nikiikumbuka bado naona aibu.

Nilikuwa mwalimu mpya, kijana wa kutembea na gazeti kwapani. Nilitaka wakwe wanione msomi. Basi tulipomaliza kula nikakohoa kidogo, nikatangaza: "Wataalamu wanasema mtu mmoja hutoa lita kumi na tano za mate kwa siku!"

Wajomba wakatikisa vichwa kwa heshima. Lakini bibi yake Rehema, aliyebeba maji ya bomba kichwani tangu usichana wake, akanitazama.

"Kumi na tano? Ndoo yangu ni ya ishirini. Yaani robo tatu ya ndoo ni mate?"

"Ndiyo, bibi. Imeandikwa."

Nisingejibu hivyo, ningepona. Bibi akaleta ndoo, akaiweka mbele ya miguu yangu. "Haya, mjukuu wangu, anza. Hiyo ni kama chupa mbili za soda kila saa, hata ukilala. Tupe za saa moja tu."

Nilitema, mwanangu. Mbele ya wakwe, na shati langu la kuazima! Saa ilipokwisha, hata kifaranga asingekata kiu kwa kilichokuwamo. Rehema alijifunika kanga usoni, mabega yakimtetemeka.

"Bibi," nikasema, ulimi umenikauka, "nimekosea. Nilisoma, sikufikiri."

"Hilo ndilo nililokuwa nalingoja," akasema, akanipa maji. "Mwanamume asiyejua kusema amekosea, simpi mjukuu wangu."

Wiki iliyofuata gazeti likaomba radhi: ilikuwa moja nukta tano. Nukta ilidondoka huko mtamboni. Na Rehema ndiye huyo mama yako, anayecheka hapo jikoni sasa hivi.

Siku hizi habari za sayansi zinakufikia kwenye simu hata hujanawa uso. Ukiona namba ya kushangaza, usikimbilie kuirusha kwenye magrupu. Ilinganishe kwanza na kitu unachokijua: hatua zako, uzito wa mfuko wa unga, mwendo wa hapa mpaka Kigamboni. Angalia milioni isije ikawa imegeuzwa bilioni. Na ukishakosea, sema mapema, mbele ya walewale waliokusikia.

Mungu akujalie akili ya kuuliza, mwanangu, na akupe watu watakaokucheka huku wanakupenda.