Watoto wa Ndalu Ndani ya Sufuria

Nyinyi wamama mnasema mimi ni mama wa mdomo, ati kila mtu namwiga mpaka anakasirika, haya, leo wacha nijiige mimi mwenyewe, kwa sababu iko siku moja nilipata aibu mbele ya watoto wa watu, wamejaa nyumba nzima kama siafu, aibu ya kuingia kwa mwili na kukaa huko kama homa, na mpaka leo nikisikia maragwe inatokota kwa moto mimi naangalia chini.

Mimi shule sikuona. Lakini Nasimiyu, kitinda mimba wangu, alisoma akasoma mpaka akaingia chuo kimoja upande wa Bungoma (jina naacha, wasije wakaniita tena), na huko, bana, akakutana na kitu inaitwa statistiki. Hiyo ni miaka ya themanini ikielekea kuisha, tukikaa Ndalu, kabla sijakuja hapa Kibomet. Alikuwa anakuja nyumbani amekonda, analala mchana kwa mkeka, na mvua ya Ndalu inanyesha ile ya polepole isiyo na haraka ya kuisha, na yeye anaongea kwa usingizi, sauti laini kabisa, "Mini... midiani... moodi..." Mimi nikafikiri ni wasichana wanaolala na yeye chumba moja. Akiamka nikamuuliza, "Huyu Midiani ni mtoto wa nyumba ya nani?"

Akaanza kulia.

"Mama, hiyo mtihani nilianguka mara ya kwanza. Nikianguka tena wananirudisha nyumbani. Kabisa kabisa."

Hapo sikucheka tena. Kwetu hakuna mtu alikuwa amefika pale Nasimiyu amefika, hata baba yake alikufa akijua kusoma jina yake tu.

Sasa mwalimu wao aliwatuma hivi: kila mtu aende kwao, achague nyumba ishirini kwa kura, aulize kila nyumba iko na watoto wangapi, arudi aandike kwa ubao. Nasimiyu akakata karatasi, akaandika majina ya wamama, akatia kwa kofia ya marehemu baba yake, akanifunga macho na leso nichague. "Lazima iwe randomu, Mama." Mimi nachagua na yeye anasema randomu, randomu, mpaka nikaona hiyo neno ni tamu kwa mdomo kama muwa.

Lakini nyinyi mnajua kwetu. Mtoto hahesabiwi. Ng'ombe haihesabiwi, kuku haihesabiwi, sembuse mtoto? Ukihesabu, ni kama unaonyesha kifo njia. Jumamosi yote mtoto wangu alizunguka na kalamu yake akarudi bila kitu. Mama Sikuku, yule jirani yangu wa juu (yeye hajui kusema pole pole, hata akinong'ona ng'ombe inaamka), alimfukuza mpaka kwa njia. "Unataka kuhesabu watoto wangu kwani umekuwa selikali? Enda uhesabu nywere zako!"

Nasimiyu akarudi chuo Jumapili macho yamevimba. Nikamwambia, "Enda. Niachie. Jumanne nakuletea."

Na kweli nilikuwa na akili yangu. Nilikuwa na vipande vya kitambaa nilipewa na fundi wa duka moja la Singasinga pale Kitale, rangi rangi, vile vinabaki wakishona. (Yule mzee wa duka aliniangalia juu ya miwani akaniuliza, "Mama, unashonea nani? Panya?") Nikaenda na vipande ishirini, kila nyumba na rangi yake, na maragwe kwa kikombe. Nikamwambia kila mama: usiniambie namba, mimi pia sitaangalia, ingia ndani, kila mtoto mfungie haragwe moja, unipe. Hapo nani amehesabu? Hakuna. Maragwe imekaa tu pamoja, kama watoto kwa kitanda. Wamama wakakubali. Mama Sikuku alitoka na kitambaa chake cha njano kimefura kama shavu, sitasema zaidi. Na Namalwa, yule jirani ambaye Wele, Mungu wetu, hakumpa mtoto hata mmoja, alitoka na cha bluu, amekifunga vizuri sana, mafundo mawili, na ndani hakuna kitu. Alinipa bila kuniangalia.

Jumatatu alasiri kazi imeisha, vitambaa vimejaa kwa kikapu, mimi nimekaa mlangoni naona ukungu umeteremka mlimani unatembea kwa mahindi kama mtu anatafuta mtu, moyo umetulia, najiona mimi pia ni mwanafunzi. Mara kwa ukungu akatoka Khocha wangu. Ndugu ya mama yangu. Hakusema anakuja. Viatu mkononi, tumbo limeingia ndani.

"Mulembe, mtoto wangu," akasema, ile sauti yake ya kutoka kwa mtungi. "Hapa mnapika?"

Jamani, kwetu khocha hanyimwi. Akiondoka na njaa, akinung'unika hata kidogo, hiyo maneno itakaa kwa nyumba yako mpaka wajukuu. Na mimi nilikuwa na mahindi peke yake, maragwe ya mbegu ilikuwa ardhini, mvua imeanza kumwagika huwezi toka kukopa hata chumvi. Nikaangalia kikapu. Kikapu kikaniangalia. Nikasema, haragwe si ni haragwe? Wacha nipike hii, kesho ni siku ya soko, nitanunua kikombe nirudishe.

Nikafungua moja moja nikamwaga kwa sufuria na mahindi. Ikaiva. Khocha akala, akalamba kidole, akanibariki mpaka akasinzia hapo hapo kwa kiti, na mimi nimebeba baraka kama kuni.

Asubuhi nimenunua maragwe, nimekaa na vitambaa vyangu, ndio akili ikanirudia: nirudishe ngapi wapi? Sikuangalia! Si nilikatazwa kuangalia? Ni mimi mwenyewe nilijikataza! Jua linapanda, Bungoma ni mbali, Nasimiyu anangoja. Nikasema basi, nitatumia mkono. Kila kitambaa, kila kidole na haragwe lake. Hapo Mama Sikuku haonekani mlafi, mwingine haonekani maskini. Nikafika kwa kile cha bluu. Nikakishika muda mrefu. Nikasema, wewe Namalwa, hata kwa statistiki ukae peke yako? Nikamfungia pia. Mkono mzima.

Nikafika chuo. Nasimiyu akafungua kwa haraka nje ya darasa, anaandika, anafungua, anaandika, halafu akasimama.

"Mama. Wote watano?"

Na mimi, huyu mnayemwona, nikamwangalia kwa macho nikasema, "Mungu ni wa haki."

Kengele ikalia. Akaingia hivyo. Mvua ikanifukuza kwa veranda, na askari wa mlango (huyu alikuwa na huruma, anaongea kama anakohoa), "Ingia tu, kho, ingia, Mama, kaa nyuma, kho, usiseme kitu." Nikakaa benchi ya mwisho. Joto ya watu, nguo mbichi, mabati inapigwa na mvua juu. Na mwalimu wao, mwanaume mwembamba, kalamu zimejaa mfukoni, alikuwa na sauti ya kubembeleza mtoto, ya puani, haipandi haishuki. "Miiini... midiaaani... standadi divieshoni..." Nasimiyu yuko mbele anaandika kwa ubao. Mimi namba sijui, lakini niliona anaandika kitu moja tu, kama ndoano. Ndoano, ndoano, ndoano, mpaka chini. Nikaona zinayumba. Nikaona maji ya mto Nzoia inapita chini yake, ya udongo, polepole, na mimi nimekaa kando ya maji, na maragwe inaelea juu, kila haragwe na uso wa mtoto, wanacheka, hakuna anayezama. Na mimi nikawa naelea pia. Halafu maji ikawa supu, na Khocha amesimama mlangoni kwa ukungu.

Huku nje ya usingizi, kumbe mwalimu amekasirika. Ameacha Kizungu, anaongea Kiswahili ili imuume vizuri mtoto wa watu.

"Nasimiyu! Nyumba ishirini, watano, watano, watano! Divieshoni ni sifuri! Ndalu ni kijiji ama ni kiwanda ya matofali? Hizi namba zimepikwa! Nauliza, nani amepika?"

Na mimi nasikia Khocha ananiuliza, nani amepika.

Nikasimama. Nikasema na sauti yote Wele alinipa, "Ni mimi nimepika! Na iliiva vizuri sana! Mpaka umelamba kidole!"

Yoo. Wamama. Nikafungua macho nikaona vichwa vyote vimegeuka. Halafu ile nyumba ikapasuka. Walipiga meza, walipiga ukuta, mmoja alianguka chini ya benchi akakataa kutoka. Nasimiyu amefunika uso na kile kitambaa cha kufuta ubao, chaki inamwagika kwa nywele, amekuwa mzee kuliko mimi.

"Mama," mwalimu akasema, "wewe ni nani?"

"Mama yake."

"Na ulipika nini?"

Ningesema maragwe. Si ningesema tu maragwe? Lakini usingizi haujatoka wote, nikasema, "Watoto wa Ndalu."

Sasa hapo tena! Mpaka askari akaja kuona nani ameumia. Nikaona hakuna pa kujificha, nikasema yote, kutoka kwa kofia mpaka kwa Khocha mpaka kwa vidole vyangu, wao wanacheka, naendelea. Lakini nilipofika kwa kitambaa cha bluu nikasema, "Huyo hakuwa na mtoto, mwalimu, nilimwekea kwa sababu nilimhurumia," kicheko kikaenda kikaisha, kama moto umenyimwa kuni.

Mwalimu akakaa kwa meza. Akafungua kitambaa kimoja, akakifunga. "Mama, mimi natuma wanafunzi kila mwaka, wananiletea uongo, kwa sababu watu wanakataa kuhesabiwa. Hii njia yako ni nzuri kuliko yangu. Lakini ukiguza moja, zote zimekufa. Na huyo mama, sifuri yake ni yake. Ulimnyang'anya." Akamgeukia Nasimiyu. "Ijumaa nataka namba za ukweli. Ukikosa, utajua kwenu ni wapi."

Nje Nasimiyu hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisema tu, "Nilikuuliza, Mama. Uliniangalia kwa macho."

Basi nilirudi Ndalu na vitambaa vile vile na maragwe kwa kikombe, nyumba kwa nyumba, ishirini, kuambia kila mama kwamba watoto wake waliliwa, afunge tena. Mnajua kusema hivyo kwa mama? Mama Sikuku alishika kiuno. "Ati Khocha wako arikura watoto wangu? Na mahindi?" Akaita watoto wote nje, akawashika kichwa mmoja mmoja (hiyo sasa si ni kuhesabu? lakini nani angemwambia), akaona wamefika, akaingia ndani na kitambaa cha njano akinitukana kwa Kibukusu na kwa Kiswahili, na akakifunga. Wengine walitaka nilete kuku ya kuosha hiyo maneno. Nilipeleka kuku tatu.

Namalwa nilimwacha mwisho, Alhamisi, miguu haitaki kwenda. Nilimwambia. Aliniuliza, "Ulinipa wangapi?"

"Kama wa kila mtu."

Akanyoosha mkono. Nikampa zile tano, nilikuwa nimebaki nazo kwa leso. Alizishika akaziangalia, mvua ya jioni inaingia kwa mahindi pole pole, hakuna mtu anapita, nikafikiri tutasimama hapo mpaka tuote mizizi. Halafu akasema, "Hizi nitapanda." Akachukua kitambaa cha bluu, akakifunga tupu, mafundo mawili, akanirudishia. Safari hii aliniangalia.

Ijumaa nilipeleka kikapu mpaka kwa lango, sikuingia, hata askari aliponiita, "Kho, Mama, leo hupiki?" Nasimiyu alifungua, akaandika kubwa, akaandika ndogo, akafika kwa bluu akaandika ile duara ya kutokuwa na kitu. Alipita hiyo statistiki kwa kushika mlango na kidole kimoja, lakini alipita, ingawa mpaka anamaliza chuo walimwita Madondo, ndio hiyo maragwe, na siku ya kumaliza walipiga makofi kwa jina hiyo, na mimi nikapiga pia, nimeinamisha kichwa.

Kwa hivyo nyinyi nitumeni tu na mizigo yenu, miguu bado iko. Lakini kitu ukinipa kimefungwa, nitakufikishia kimefungwa, hata niwe na khocha kumi mlangoni wanalia njaa, sitafungua, sitaongeza, sitahurumia mtu na mali ya mwingine. Na kama ni tupu, nitakupelekea hivyo hivyo, tupu.