Kisanduku cha Heshima

Felicitas alikuwa na tabia ya kuisemesha kompyuta kama mtu anavyomsemesha mbuzi aliyegoma njiani. Siku ile aliibembeleza, akaikaripia kwa Kihaya, na bado iligoma. Shule moja ya sekondari huko Kibamba ilikuwa imemchukua kwa majaribio awe fundi wake wa kompyuta, na mkuu wa shule, Mwalimu Adelard, alikwishamwambia wazi: walimu wote wawe na akaunti kabla ya kengele ya kwenda nyumbani, la sivyo atatafutwa mwingine.

Skripti, yaani programu fupi ya kompyuta, aliiandika mwenyewe. Kazi yake nyepesi: unaipa jina la kwanza na la ukoo, nayo inamfungulia mtu akaunti kwenye saraka ya watumiaji wa kompyuta za shule. Alipoijaribu kwa majina ya kubuni haikusita hata kidogo. Alipoiacha mikononi mwa Bi Khulud, karani wa siku nyingi, mzaliwa wa Kinondoni, ilifungua akaunti moja tu. Waliofuata wote iliwakataa, ikidai mtu huyo tayari yumo.

Asubuhi nzima Felicitas aliipekua mstari kwa mstari. Mkosi gani huu, jamani? Mwishowe akavuta kiti, akamwomba Bi Khulud aingize mtu mmoja yeye akitazama. Bi Khulud akavaa miwani, na kwenye kisanduku cha jina la kwanza akaandika taratibu: Mwalimu. Kwenye cha pili: Erasmus.

Kumbe! Skripti ilitunga jina la akaunti kutokana na kisanduku cha kwanza, basi shule nzima ikawa mtu mmoja, Mwalimu. Felicitas alicheka mpaka machozi, kisha akamwomba kwa adabu aliondoe lile neno.

"Mie nimwandike Erasmus kavukavu?" Bi Khulud akasema. "Kanisomeshea wanangu wote yule. Siwezi, mwanangu."

Hata kwao Felicitas, mkubwa haitwi jina tupu, kwa hiyo hakubishana. Aliirudia skripti, akaongeza kisanduku kingine mbele, cha heshima peke yake, kisichogusa jina la akaunti. Bi Khulud akaanza upya. Wa kwanza akapita, wa pili akapita, wakaanza kugonganisha viganja kwa kila aliyepita. Kengele ilipolia walimu wote walikuwamo, pamoja na heshima zao.

Mwalimu Adelard akaja, akajaribu akaunti yake, ikafunguka. Akamwambia Bi Khulud kuna mtumishi mmoja wa kudumu amesahaulika, amwongeze, huku akimwonyesha Felicitas kwa kidevu. Kwa furaha Felicitas alimnong'oneza Bi Khulud kwamba kisanduku chake cha mbele akiache wazi, yeye angali mdogo.

"Mdogo kwa nani?" Bi Khulud akasema, na vidole vyake vilikwishaandika: Fundi Felicitas.