Jina la Esteri Ubaoni

Jamani, uoga una shule yake, na Esteri Ininahazwe aliisoma akiwa na miaka saba. Kule Burundi walikotoka, mchana mmoja watu walifika nyumbani na karatasi, wakasoma jina la baba yake, wakaondoka naye. Karatasi ile hakuna mwanakijiji aliyewahi kuiona. Mama yake alikwenda ofisini mara moja tu kuuliza. Aliporudi alifunga virago, wakavuka mpaka wa Manyovu kuingia Tanzania. Njiani akamuusia mwanawe: mwenye kalamu usimpe jina lako la kweli.

Ndiyo maana wapima ardhi walipofika Busunzu, kijijini kwake, kuandikisha mashamba, Esteri, mjane wa miaka sitini, raia wa Tanzania mwenye cheti chake ndani ya kopo la unga, mwanakwaya wa kanisani, aliwakazia macho akasema anaitwa Mwajabu Salumu. Mwajabu Salumu! Jina la muuza vitenge wa mnadani. Unacheka? Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka.

Wiki tatu baadaye orodha ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, kila shamba na mwenyewe, na chini yake: mwenye marekebisho au pingamizi aje ndani ya siku kumi na nne. Ekari zake mbili za mihogo na maharage zilikuwa mali ya Mwajabu. Hati ikitoka hivyo, shamba ndilo limekwenda. Na akienda kusema, si watamwita tapeli? Si watauliza na uraia aliupataje? Siku kumi na tatu aliizunguka ofisi ile kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Ya kumi na nne akaingia. Mtendaji wa kijiji, Faudhia, binti wa Kasulu mjini, alikuwa anakunywa chai.

"Shikamoo, mheshimiwa," Esteri akasema.

"He! Mama, unaniamkia mimi? Shikamoo. Karibu ukae."

Akayamwaga yote. Faudhia hakucheka. Alikagua cheti cha uraia, akaita majirani wawili washuhudie, akaandika.

"Kesho nabandika jina lako la kweli. Siku saba, lisomwe na watu wote."

"Wote? Mana yanje, Mungu wangu! Huwezi kuliweka humu ndani tu?"

"Likikaa ndani, mama, nani atajua siku nikilibadilisha?"

Siku saba Esteri aliacha palizi, akakaa kwenye ngazi za duka lililotazamana na ubao, akimchunguza kila aliyesimama kusoma. Kidole cha mtu kikigusa karatasi, anasimama. Hakuna aliyekuja kumchukua.

Siku ya nane Faudhia akaibandua ile karatasi.

"Nipe niichome," Esteri akaomba.

"Hii inakwenda kwenye faili, mama. Ukitaka kuiona, njoo uulize, utaonyeshwa."

Kuuliza! Ndiko kulikomfukuzisha mama yake nchi. Lakini kesho yake asubuhi Esteri alikuwa mlangoni, akauliza. Faudhia akafungua kabati, akamtolea. Esteri akalifuata jina lake kwa kidole, herufi kwa herufi, mara mbili.

"Na ile karatasi ya baba yangu, mwanangu," akasema taratibu, "ile ya kule, nikaiulize wapi?"

Faudhia akabaki na funguo mkononi. Hakujua.