Mlima Usio Wake

Karatasi yenyewe bado ninayo. Ni ukurasa mmoja, umeandikwa pande zote mbili. Juu nimeandika BURUNDI kwa herufi kubwa na kuipigia mstari mara mbili, kama mtu aliyewahi kufika huko. Sijawahi.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza digrii ya jiografia hapa Durban, Afrika Kusini. Nilipanga chumba Glenwood, karibu na chuo, nikawa nasahihisha kazi za wanafunzi wa mwaka wa kwanza huku nikituma barua za kuomba kazi. Viza yangu ya masomo ilikuwa inakaribia kwisha. Kila asubuhi nilihesabu siku zilizobaki kabla hata ya kupiga mswaki.

Jumapili nilikwenda Sydenham, kwenye ibada ya Kiswahili iliyofanyika katika ukumbi wa shule. Wakenya tulikaa nyuma, karibu na mlango. Warundi na Wakongo walikaa mbele na ndio walioimba. Huko ndiko nilikomjua mama mmoja Mrundi, fundi cherehani wa Isipingo, wa miaka arobaini na kitu. Siku moja baada ya ibada alinifuata nje.

"Mwalimu," aliniita, ingawa sikuwa na darasa, "wewe si ulisoma jografia?"

"Ndiyo, mama."

"Basi utanisaidia. Wameniita kwa ofisi ya wakimbizi, intavyuu. Wanasema watauliza mambo ya nchi yetu, maana iko watu wanasema ni Warundi na si Warundi. Na miye nilisoma mpaka la nne tu."

Nilifurahi mno. Naandika hivyo kwa sababu ndiko kosa lilikoanzia. Kwa miezi mingi hakuna mtu aliyekuwa ameihitaji digrii yangu.

Jumamosi nne mfululizo nilipanda taksi, matatu za huku, hadi Isipingo. Kibanda chake kilikuwa hatua chache kutoka stendi ya taksi, ubavuni mwa duka la Mkongo mmoja aliyeuza mablanketi. Alishona sketi za shule huku mimi nikisoma kutoka kwenye ile karatasi na yeye akirudia. Nchi ndogo ya milima, isiyo na bahari. Imepakana na Rwanda, Tanzania na Kongo. Mikoa kumi na saba. Ziwa Tanganyika upande wa magharibi. Mlima mrefu kuliko yote, Heha, mita elfu mbili mia sita na zaidi. Rais mmoja, makamu wawili, bunge na seneti. Nilipofika msitu wa Kibira, mguu wake ulisimama juu ya pedali.

"Kibira naijua. Asubuhi baridi ya kule inauma mpaka meno. Mama yangu alikuwa anatoka kule na mianzi ya vikapu, anaibeba kwa kichwa, miye niko nyuma naona tu..."

"Mama, sema hivi: msitu wa milimani, kaskazini magharibi."

Akasema hivyo.

Jumamosi ya tatu ilikuwa ya serikali. Nilimuuliza, kama vile ningekuwa afisa, nani anayetawala kwao.

"Mkuu wa mlima."

Nilicheka. "Mlima una mkuu?"

"Iko. Ng'ombe ya jirani ikikula mahindi yako unaenda kwa nani? Kwa rais?"

"Mwalimu, jibu," Mkongo akadakia kutoka kwenye mablanketi yake. "Unaenda kwa rais?"

Walicheka wote wawili, na mimi nikaona haya, na nikiona haya huwa nakuwa mkali. Kwetu Kenya mtu akiulizwa anatoka wapi hutaja wilaya, tarafa, pengine kata na jina la chifu. Mlima ni kitu unachokiona kwa mbali kukiwa hakuna mawingu. Nilidhani mama huyu anazungumza kishairi, na nilidhani ofisini ushairi ungemponza.

"Wakikuuliza mlima, taja Heha," nilimwambia. "Wakikuuliza unatoka wapi, taja mkoa na tarafa. Mlima si anwani."

"Si anwani?"

"Si anwani, mama."

Alinitazama kidogo, kisha akarudisha kitambaa chini ya sindano. "Sawa. Wewe ndiye umesoma."

Siku ya intavyuu nilimsubiri nje, ng'ambo ya robot, yaani taa za barabarani, kwa saa tatu. Alitoka anatabasamu. "Nimesema yote," alisema. "Hata mita."

Barua ilikuja baada ya wiki kadhaa. Aliniletea pale Sydenham, ikiwa bado ndani ya bahasha, kwa kuwa Kiingereza chake kilikuwa cha kuuzia sketi tu. Niliisoma mlangoni pa ukumbi huku watu wakipanga viti. Ombi limekataliwa. Mwombaji alipoulizwa anatoka mlima gani alitaja mlima mrefu kuliko yote nchini, akaongeza na urefu wake. Alipoulizwa mkuu wa mlima huo ni nani, alinyamaza. Kwa kuwa kila Mrundi wa mashambani huujua mlima wake, ambao ndio ngazi ya chini ya utawala, na kwa kuwa majibu yake yanaonekana kukaririwa, uraia wake haujathibitika.

Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Watu wa kule hawajengi vijiji, nyumba zimetawanyika kwenye miteremko, na kila mlima una jina lake, mpaka wake na mkuu wake. Yalikuwamo hata kwenye vitabu vyangu. Nilikuwa nimeyaruka nikitafuta mita.

"Wanasema nini?" aliuliza.

"Wamekataa, mama. Wanasema maelezo hayakutosha. Una mwezi mmoja wa kukata rufaa."

"Hayakutosha? Nilisema yote."

"Ndiyo, mama."

Ile sentensi sikumtafsiria. Nilijiambia nitamweleza akiwa ametulia. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshafika mbali kichwani: rufaa itaeleza kwamba kuna mtu aliyemfundisha, wataniita, wataitazama viza yangu, watauliza Mkenya huyu anafundisha watu kujibu maswali ya ofisi kwa ruhusa ya nani. Katika hofu hiyo yote, yeye hakuwamo kabisa. Alikuwa mbele yangu, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, na hakuwamo.

Nilikaa wiki mbili bila kumwambia. Jumapili moja nilidai naumwa. Wiki ya tatu nikapanda taksi hadi Isipingo kuandika rufaa, na kabla sijafungua daftari nikamtafsiria ile sentensi, neno kwa neno.

Alimaliza pindo alilokuwa akishona. Akakata uzi kwa meno.

"Yule mama wa ofisi alikuwa anaandika, anaandika," alisema. "Niliposema Heha akaweka kalamu chini. Nikafikiri, labda amefurahi." Kisha akauliza, "Wewe ulijua lini?"

"Siku ile ile. Pale mlangoni."

"Eish." Akaiweka sketi kando. "Basi andika."

Nikaandika. Alitaja mlima wake, jina ambalo nitaliacha kwake. Alitaja kijito cha chini na mawe ya kuvukia, migomba iliyokuwa mpaka na mlima wa pili, wazee waliokaa kusikiliza kesi za mashamba, na mkuu wa mlima aliyekuwa na baiskeli isiyo na breki, aliyeteremka akiburuta viatu huku watoto wakimkimbia. Hakusita hata mara moja. Zilijaa kurasa nne, na mimi sikumkatiza.

Mwishoni ilibidi kueleza yale majibu ya kwanza yalitoka wapi. Niliandika kwa Kiingereza, "rafiki mmoja alimshauri." Hangeweza kujua. Nililitazama lile neno rafiki muda mrefu, nikalikata, nikaandika jina langu kamili na namba ya pasipoti.

"Umeandika nini hapo?"

Nikamtafsiria yote, pamoja na neno nililolikata.

"Sharp," alisema, ile "sawa" ya mitaa ya Durban, na kuvuta sketi nyingine.

Hakuna aliyeniita. Rufaa ilisikilizwa baada ya mwaka na zaidi, na katika muda huo wote alirudi ofisini kila baada ya miezi michache kupanga foleni tangu alfajiri ili karatasi yake ya muda ya kukaa nchini igongwe muhuri. Siku ya rufaa, walipomuuliza mlima wake, alizungumza mpaka mkalimani akaomba apumzike kidogo. Alipewa kibali cha ukimbizi.

Siku hizi, akikutana na mgeni pale kanisani, ananivuta mkono. "Muone huyu," anasema. "Ndiye alinipeleka Heha." Watu hucheka, na mimi hucheka nao, huku nikihesabu foleni zile moja moja. Kisha huongeza, kwa sauti ya chini, akinitazama usoni, "Bado sijaupanda."